Tope la Kisima cha Bondeni

Kazi yangu ilikuwa kukoroga tope. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia niliwahi kufanya kazi kwenye mtambo wa kuchimba visima, wanadhani nilikuwa nabonyeza vitufe. Sikubonyeza chochote. Nilishika mti wa mkaratusi uliochongwa kama mwiko, mrefu kuliko mimi, nikasimama ukingoni mwa shimo lenye upana wa kitanda, nikakoroga mpaka mabega yakafa ganzi. Nikieleza vibaya mambo ya mashine, msomaji anisamehe. Shule yangu iliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nusu yake nilikuwa nyumbani nalea wadogo zangu. Tope ndilo ninaloweza kulieleza, kwa sababu lilinikaukia mwilini.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, nami nimeolewa kijiji kimoja upande wa Bukiriro. Chemchemi yetu ilikuwa bondeni, chini ya migomba, na siku zote ilitutosha. Walipokuja wenzetu kutoka ng'ambo ya mpaka, ikawa haitoshi. Sitaki kusema kwamba waliimaliza, ingawa wako waliosema hivyo, tena kwa sauti. Walikuwa na kiu kama sisi. Wengi wao tuliongea nao lugha ya nyumbani bila kubadili hata neno. Lakini ni kweli vilevile kwamba mama mkwe wangu, ambaye zamani aliondoka kuchota maji alfajiri akarudi uji haujapoa, sasa alikuwa anarudi jua likiwa utosini, ndoo ikiwa nusu, na hiyo nusu yenyewe ina mchanga.

Mtambo ulikuwa wa kambi ya wakimbizi. Wakubwa wa maji wa kule walikubali kutuazima, tupate kisima kirefu cha pampu, nasi tupunguze kugombania chemchemi. Waliweka sharti moja tu: mvua zikikaribia, lori lililobeba mtambo linarudi juu kambini kabla barabara haijageuka utelezi, kisima kiwe kimekwisha au hakijakwisha. Na likirudi, kambi ndiyo ina foleni yake, kwetu halishuki tena. Kila mtu kijijini alilijua sharti hilo. Watu walikuwa wakiangalia mawingu ya upande wa Burundi kama wanavyoangalia mgeni ambaye hawajapika cha kumpa.

Fundi mkuu alikuwa mtu wa Singida, mwembamba, mwenye kofia ya chuma iliyobonyea upande mmoja. Alisomea kazi hiyo, tena kwa miaka, na kabla ya kuja kwetu alikuwa amefanya kazi kwenye visima vya kutafuta mafuta huko kusini mwa pwani. Nilipoambiwa hivyo nilijua atakuwa mtu wa maringo. Nilikosea. Siku ya kwanza alitukusanya sisi tulioajiriwa hapo kijijini, akatuuliza nani anapika ugali usio na madonge. Wanaume wakacheka. Mimi nikanyoosha mkono kwa woga, na hivyo ndivyo nilivyopata kazi.

"Huu hapa unga," akasema, akapasua mfuko wa karatasi. Ndani mlikuwa na unga wa kijivu, laini kuliko wa muhogo. Wao waliuita bentonaiti. Ni udongo wa mfinyanzi wa aina yake, alinieleza, unachimbwa mbali na kusagwa, na ukikutana na maji unavimba. "Ukiumwaga wote kwa mara moja utapata madonge, na pampu yangu haili madonge. Unyunyize huku unakoroga. Polepole, dada. Kama unamtilia mkwe wako."

Nikanyunyiza. Maji yakawa mazito, yakateleza, yakang'aa kama mlenda. Niliona ajabu, na nikaona aibu kidogo pia. Tulikuwa tumeomba maji safi, na kazi yangu ya kwanza ni kuyachafua.

Jinsi tope lile lilivyofanya kazi, mimi nililielewa hivi. Pampu inalinyonya kutoka shimoni kwangu na kulisukuma chini kwa ndani ya mabomba, hadi kwenye meno ya chuma yanayosaga ardhi. Linatokea hapo chini, linayapoza meno, kisha linapanda juu kwa nje ya mabomba likiwa limebeba mchanga na chengachenga za mawe. Linamwagika mdomoni mwa kisima, linafuata mfereji, linaingia kwanza kwenye shimo dogo ambako mchanga unazama, halafu linarudi shimoni kwangu, na safari inaanza upya. Mimi nilikuwa nauchota ule mchanga na kuutupa, naongeza unga, nakoroga. Siku nzima tope lile lile linakwenda chini na kurudi na mzigo. Nilianza kulipenda. Sijui kama ni sahihi kusema mtu amelipenda tope, lakini sina neno jingine.

Fundi alikuwa na faneli ya plastiki. Kila baada ya muda alikuwa akija kwangu, anachota tope, anaziba tundu la chini kwa kidole, kisha anaachia na kuangalia saa yake ya mkononi mpaka linaposhuka lote. Likishuka haraka, jepesi mno. Likichelewa, zito mno. Baadaye akawa ananiuliza kwanza.

"Unasemaje leo?"

"Jepesi, fundi."

"Umejuaje?"

"Mwiko hauniachii alama."

Anapima. Mara nyingine nilikuwa sahihi na mara nyingine nilikosea kabisa, naye hakunicheka nilipokosea. Alisema tu, "Ongeza vikombe viwili, turudie."

Siku moja tukila viazi vitamu chini ya turubai nilimuuliza kama huko kwenye mafuta nako kuna tope.

"Kule tope ndiyo kazi yenyewe," akasema. "Yupo mtu analala palepale, kazi yake kuliangalia tope tu. Akisema simamisheni, hata mwenye mtambo anasimamisha."

"Kumbe ni mkubwa?"

"Mkubwa sana."

"Na huku ni nani?"

"Si wewe? Ila wewe huna kiyoyozi."

Kisha akaacha mzaha. Akaniambia kwamba chini kule gesi na mafuta vimekandamizwa na uzito wa nchi nzima, na ukivitobolea njia vinataka kutoka vyote kwa pamoja. Kinachovizuia kwanza siyo chuma. Ni uzito wa tope lililojaa kisimani. Wanalitia unga wa jiwe zito, mpaka ndoo moja mtu mzima anaiinua kwa shida. Likiwa jepesi, kisima kinatapika na moto unawaka juu. Likiwa zito kupita kiasi linaupasua mwamba na kupotelea humo. "Mtu wa tope anaishi katikati hapo," akasema, "na kosa lake halijifichi." Alisema huku kwetu ni hivyohivyo kwa kipimo cha mtoto. Bonde letu lina mchanga mwingi juu ya changarawe yenye maji, na mchanga hausimami peke yake. Tope linausukuma ukutani kwa uzito wake, linapaka utando mwembamba, na ukuta unasimama.

"Kama kukandika nyumba," nikasema.

Akaacha kutafuna. "Hivyo hivyo. Kwa nini sikufikiria kusema hivyo?"

Aliyekuwa akitutembelea karibu kila siku ni jirani mmoja Msukuma, aliyehamia na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga. Kwa vile Wasukuma na watu wa Singida wanataniana, yeye na fundi hawakupeana amani.

"Mtani, bado unachimba? Mimi nilidhani umezikwa huko."

"Nikizikwa nitakuachia mtambo uulishe majani."

"Sisi kwetu maji tunayachimba kwa jembe."

"Ndiyo maana mmehamia huku."

Basi kazi ilikwenda vizuri. Jumamosi moja tukavuka mchanga wote na fundi akasema changarawe imeanza kuonekana. Jumatatu tungemalizia, mabomba ya kudumu yaingizwe, kisima kiwe kisima. Alichomoa mabomba ya kuchimbia, akakijaza kisima tope mpaka mdomoni, akalijaza na shimo langu. Akafunika mdomo wa kisima kwa bati na jiwe, kisha yeye na dereva wakaenda kambini kutafuta dizeli. Mlinzi akabaki. Mimi nikapata lori la mizigo nikaenda Nemba, upande wa Biharamulo, ambako dada yangu alikuwa amejifungua.

Nilirudi Jumatatu asubuhi. Nilipokuwa nateremka bondeni niliona watu wengi, wanawake tupu, wamevaa vitenge vizuri. Nikadhani maji yametoka. Nikakimbia.

Shimo langu la tope lilikuwa linang'aa. Sikosei nikisema sijawahi kuona shimo safi namna ile. Tope lote lilikuwa limechotwa na kumwagwa huko chini kwenye majani. Kingo zilikuwa zimesuguliwa. Mfereji ulikuwa umefagiliwa na kutandazwa majani mabichi, na shimoni mlikuwa na maji meupe, yaliyochotwa kwenye chemchemi ile ile ya kugombania, ndoo kwa ndoo. Bati lilikuwa limeondolewa. Kwa huruma yao kisima chenyewe walikuwa wamekisuuza pia, kwa kukimiminia maji safi mdomoni mpaka wakachoka.

Inabidi nieleze, maana asiye wa kwetu atawaona wajinga, na hawakuwa wajinga. Kwetu maji yakikaribia kurudi baada ya kiangazi, wanawake wanasafisha chemchemi. Wanachota tope la zamani kwa mikono, wanaosha mawe, wanatandika majani. Haiingii akilini kuyapokea maji mahali pachafu. Jumapili baada ya kanisa mama mkwe wangu alisikia kwamba Jumatatu maji yanatoka, akashuka bondeni kuona, akakuta tope la kijivu limejaa kila mahali. Akaona aibu kwa niaba ya kijiji. Wageni wametoka mbali kututafutia maji, nasi tumewaachia uchafu namna hii? Akawaita wenzake. Mlinzi aliwaona. Mke wake alikuwa mmoja wao, na yeye mwenyewe aliwasaidia kusukuma jiwe.

Lori likafika. Dereva ndiye aliyeshuka kwanza, na dereva akapiga kelele. "Nani kafanya hivi? Nani? Mmekiua kisima, nyie akina mama! Mmekiua!" Kwa haki niseme kwamba alikuwa hajalala, alikuwa amekesha akigombea dizeli. Lakini alikuwa anawapigia kelele watu wenye umri wa mama yake.

Fundi alimpita dereva. Alifunga chuma kwenye kamba, akaishusha kisimani. Kamba ilitakiwa kwenda, kwenda, kwenda. Ikaenda kidogo tu, ikalegea. Mchanga ulikuwa umebomoka na kukijaza kisima karibu chote. Akaivuta kamba taratibu, akaikunja, akaenda nyuma ya lori.

Aliporudi alimwendea mama mkwe wangu, aliyekuwa amesimama wima na kitenge chake cha kanisani, chenye maua ya njano, bado akisubiri asante.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mmefanya kazi kubwa sana hapa."

"Tumesafisha," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Ilikuwa pachafu. Mtu anapiga kelele, kwa nini?"

Fundi akaniangalia mimi. Nikajua ananiomba niseme kwa lugha ya nyumbani. Nilijaribu. Nilimwambia kwamba lile tope halikuwa uchafu. Kisima kina kuta za mchanga, na tope lile ndilo lililokuwa limezikandika zisianguke. Nikamwambia wamekandua nyumba kabla mwenye nyumba hajaezeka. Sijui kama nilichagua maneno mazuri. Kwa mkwe, hakuna neno zuri la kusema umeharibu.

Aliangalia shimo, akaangalia maji meupe, akaangalia mikono yake. Kisha akamuuliza fundi, na mimi nikatafsiri, "Kwa hiyo tumekubomolea nyumba?"

"Hapana, mama. Mmebandua lipu tu. Nyumba tutaichimba tena."

"Lini? Mvua hiyo hapo."

Na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Kuuchimba upya ule mchanga kulihitaji tope jipya, tope jipya lilihitaji unga, na mifuko iliyobaki ilikuwa michache, isiyofika hata nusu ya mahitaji. Unga mwingine ulikuwa Mwanza. Kwenda na kurudi, kwa barabara zile na misafara ile ya malori ya kambi, mvua ingetukuta njiani. Na mvua ikianza, lori linapanda juu. Dereva alisema hadharani kilichokuwa kichwani mwa kila mtu: "Tufungashe tu, bosi."

Wanawake hawakuondoka. Walikaa kwenye majani. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa peke yake juu ya ndoo iliyopinduliwa, amewapa wenzake mgongo. Nilijua anafikiria nini. Kila atakayepita na ndoo tupu miaka yote ijayo atakumbuka nani aliwaita wenzake Jumapili ile.

Jirani Msukuma akafika, akaona nyuso zetu, na kwa mara ya kwanza hakuanza na utani. Alipoelezwa akasema, "Mtani, mimi nina samadi zizini mpaka ya kugawa. Sakafu yangu imekandikwa kwa samadi, haibomoki. Mwaga humo."

"Itashika," fundi akasema. "Siwezi kusema uongo, ipo kazi inafanyika hivyo mahali pengine. Lakini hawa watakunywa."

"Si watachemsha?"

"Wewe unachemsha?"

Msukuma akacheka, akakubali kwamba hachemshi.

Fundi akabaki anaitazama nyumba moja iliyo juu ya bonde, ile ya katekista, ambayo ukuta wake ulikuwa umepakwa rangi ya kijivu laini. Akaniuliza ile rangi ni nini. Nikamwambia siyo rangi, ni udongo. Unachotwa pembeni mwa kinamasi, penye mafunjo, chini ya ule mweusi. Kila mwanamke hapa anapakia nyumba yake. Akauliza unateleza au una chembe. Hapo nikasita, nisije nikasema nisichokijua. Nikamuuliza mama mkwe.

Aligeuka kwenye ndoo yake. "Wa juu una chembe," akasema. "Wa chini ukiutia mdomoni meno hayasikii kitu."

"Niletee huo wa meno hayasikii," fundi akasema. "Sitoi ahadi. Naupima kwanza."

Walitoka pale kama watu walioitwa msibani. Walirudi na vikapu, beseni, hata karai la kuchanganyia saruji la shule. Udongo wa kwanza fundi aliukataa. Aliuloweka, akaupitisha kwenye faneli, mchanga ukazama chini ya kikombe, akatikisa kichwa. Waliuchota juu mno kwa haraka. Wakarudi, wakachimba chini zaidi. Wa pili ulikuwa na mizizi. Fundi akasema lazima uchujwe, nasi hatukuwa na chekeche la kutosha kazi yote.

Mama mkwe wangu akavua kitenge cha maua ya njano, akabaki na gauni, akakitandaza juu ya beseni. "Mimina," akaniambia.

"Mama, hicho cha kanisani..."

"Mimina, mwanangu, nisikuambie mara mbili."

Nikamimina. Uji wa kijivu ukapita, chembe zikabaki juu ya maua. Wenzake wakaona, wakavua vya kwao. Wengine wakaingia kwenye shimo lile walilolisafisha, wakaukanyaga udongo kwa miguu kama wanavyofanya wa matofali, wakishikana mabega, na hapo ndipo kelele zikarudi. Mmoja akauliza kama huku ndiko kupika rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mwingine akasema ndizi ziko wapi, basi. Dereva naye, niseme kwa haki, alikunja suruali na kuingia. Akina mama wakamwambia kwa wingi wa kelele zake walidhani ana miguu minene zaidi.

Fundi hakuingia kwenye furaha hiyo. Alikaa na faneli yake. Udongo wetu peke yake, alisema, unashika vizuri ukutani lakini hauna nguvu ya kubeba mchanga mpaka juu. Ukisimama kidogo tu unazama. Unga wa mifuko unabeba. Akavichanganya kwa vipimo, akapima, akapunguza, akapima. Nilimwangalia nikafikiri, huyu mtu amewahi kuizuia gesi isilipuke huko pwani, na sasa ameinamia beseni la udongo wa kupakia nyumba kwa makini yale yale. Kama kuna kitu nilichojifunza kwake ni hicho. Sijakiweza kila siku.

"Unasemaje?" akaniuliza.

Nikaingiza mwiko, nikautoa, nikangoja. Nilitaka sana kusema liko sawa. "Bado jepesi," nikasema.

Akapima. "Bado jepesi," akakubali, akafungua mfuko mwingine.

Kesho yake pampu iliwaka. Mchanga ulianza kupanda, mwingi, na mimi na wanawake tuliuchota na kuutupa. Mabomba yalishuka moja baada ya jingine. Karibu na mahali tulipofika Jumamosi, tope shimoni kwangu likaanza kupungua. Lilikuwa linakwenda chini na halirudi lote. Linapotelea mahali. Nikapiga kelele, "Fundi, linazama!" Dereva akaweka mkono kwenye swichi.

"Usizime!" fundi akasema. "Tukizima, mchanga unakaa juu ya mabomba. Dada, zito! Mtilie zito, lizibe matundu!"

Mfuko wa mwisho nikaumwaga huku nakoroga, na mama mkwe wangu akaumwaga udongo kwa beseni upande wa pili, tukikutanisha macho juu ya shimo. Nilikoroga bila kufikiria madonge. Wingu lilikuwa limekaa juu yetu, na matone mawili matatu yakaanguka kwenye bati. Nilichora alama kwa ukucha kwenye udongo wa ukingo, mahali tope lilipokuwa. Likashuka chini ya alama. Likashuka tena. Halafu likakaa. Niliangalia alama ile mpaka macho yakauma, nikiogopa kwamba najidanganya. Lilikuwa limekaa. Kisha mdomoni mwa kisima tope likarudi kwa wingi, na ndani yake mlikuwa na vijiwe vya mviringo, vilivyooshwa.

Fundi akaviokota, akavibiringisha kiganjani. "Changarawe," akasema.

Mabomba ya kudumu yaliingia siku hiyo hiyo, yale yenye matundu chini, na changarawe ya kuchuja ikamwagwa pembeni yake. Sasa kuta zilikuwa na kitu cha kuzishika. Nilidhani kazi imekwisha, nikaanza kukusanya mifuko mitupu. Fundi akaniambia bado.

"Lile tope sasa limekuwa adui," akasema. "Limeziba njia za maji huko chini. Lazima litolewe lote, mpaka utando wa mwisho. Mwite mama."

Nikamwita. Alikuja akijifuta mikono, na uso wa mtu anayedhani ameharibu tena. Fundi alikuwa ameagiza madumu ya maji safi kutoka kambini, yamepangwa kando ya kisima. Akamwonyesha mdomo wa bomba.

"Sasa mama, safisha."

Alimwangalia kama anaangalia mtu anayemtania msibani. Kisha akaniangalia mimi. Nikamwambia ni kweli, kazi ile ile aliyoifanya Jumapili, leo ndiyo siku yake.

Hakucheka. Aliinua dumu, akamimina, polepole, akilizungusha kama anavyoosha chungu. Wenzake wakafuata. Dereva akawasha mashine ya kusukuma hewa, na kisima kikaanza kutoa tope letu juu, la kijivu, likimwagika mfereji mzima, halafu la maziwa, halafu kama maji ya kuoshea mchele. Tulisimama tukitazama rangi ikipungua. Mvua ilianza kunyesha kweli, na hakuna aliyekimbia. Hata wanawake wawili wa kambini waliokuwa wakipita na kuni walitua mizigo yao wakasimama nasi.

Maji yalipokuwa meupe, mama mkwe wangu alikinga kiganja, akaonja. Akameza. Kisha akamgeukia fundi, na maneno aliyoyasema nilimtafsiria fundi yote, sikupunguza, kwa sababu niliona ni haki yake.

"Mwanangu," alisema, "kama siku ya kusafisha ilikuwepo, kwa nini hamkutuambia ni lini?"

Fundi alivua ile kofia iliyobonyea. Alisema, "Hapo mama, umenikamata," akasema tena kwamba ilimpasa kutuambia.

Lori lilipanda juu na matope hadi kwenye milango. Kile kitenge mama mkwe alikifua pale kisimani kwa maji ya kwanza ya pampu, akakifua tena nyumbani, na maua ya njano hayakurudi. Yalibaki ya kijivu. Alikivaa kanisani hivyo hivyo, na mtu akimuuliza kimepatwa na nini, alimjibu aende akaonje maji.